Gari la Umeme na Safari Ndefu: Tuulize Njia Kwanza



Suala la magari ya umeme siku hizi limekuwa kama mpira. Kila mtu ana timu yake na kila mtu ni kocha. Wapo wanaotwambia petroli imeshakufa, imebaki kuzikwa tu. Wapo wanaosema gari la umeme ni mchezo wa matajiri wa mjini, halifiki popote. Nimeona bora tuliache hilo la ushabiki tulipime jambo lenyewe kwa safari moja tunayoijua sote tulioishi Saudia, nayo ni ya kutoka Batha, katikati ya Riyadh, mpaka Makka na Jeddah. Ndiyo safari ya Umra, ndiyo safari ya kumfuata jamaa, ndiyo safari ya kuhamia kazi mji mwengine. Gari likiiweza hiyo litaweza na za kwetu. Likishindwa, tujue limeshindwa na nini.

Dai langu nalisema mapema: gari la umeme la leo safari ndefu linaiweza. Kisichoweza, katika sehemu nyingi tunazoishi na tunazotoka, ni njia. Na njia hainunuliwi na mfanyakazi kwa mshahara wake. Njia inatengenezwa na serikali na makampuni. Kwa hivyo mtu akikwambia "nunua", muulize kwanza nani ametengeneza njia.

Tuanze na hesabu. Kutoka Riyadh mpaka Makka ni kama kilomita 870, na mpaka Jeddah ni kama 950. Reli baina ya Riyadh na Jeddah haipo. Ni barabara au ndege. Chukua gari la umeme la bei ya kati lenye betri ya yuniti 60, yaani zile zile yuniti tunazonunua nyumbani kwenye LUKU au TUKUZA. Kwenye karatasi za muuzaji utaandikiwa kilomita 400. Lakini karatasi hiyo haikuandikwa njia ya Taif mwezi wa Julai. Kwa mwendo wa barabara kuu, viyoyozi vikifanya kazi na watu wanne ndani, gari kama hilo litakula yuniti 22 mpaka 25 kwa kila kilomita 100. Tuseme 24. Ukiondoka umejaa na usimame ikibaki asilimia 10, umekwenda kilomita 225. Baada ya hapo kila kituo utachaji mpaka asilimia 80 tu, kwa sababu ile asilimia 20 ya mwisho inaingia polepole mno. Basi kila kituo kinakupa kilomita 175. Kufika Makka unahitaji vituo vinne, na kwa chaja yenye nguvu kila kimoja ni nusu saa na zaidi kidogo. Jumla ni saa mbili na dakika zake.

Saa mbili katika safari ya saa tisa si mwisho wa dunia. Watu wanasimama kusali, kula na kunyoosha miguu. Hapa ndipo wapinzani wa gari la umeme wanapokosea, kwa sababu wanadhani dereva wa petroli anakwenda kilomita 870 bila ya kushuka. Na dereva anayekwenda hivyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu usingizi wa njia ile umeshachukua wengi.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja kubwa: kuwe na chaja kila baada ya kilomita 170 au pungufu, iwe nzima na isiwe na foleni. Sasa tutazame hali. Mwezi wa Aprili 2025, Tesla ilipofungua biashara yake Saudia, shirika la habari la Reuters liliandika kwamba ufalme mzima ulikuwa na vituo 101 vya kuchaji kwa takwimu za 2024, wakati Imarati, yenye watu kama thuluthi ya watu wa Saudia, ilikuwa na 261. Na barabara ya Riyadh mpaka Makka, wakaandika, haikuwa na hata kimoja. Yaani kulikuwa na maduka ya magari pande zote mbili, na baina yao karibu kilomita 900 za jangwa bila ya pahala pa kuchomeka waya.

Sisemi kwamba watabaki hivyo. Kampuni ya EVIQ, iliyoundwa 2023 na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma (PIF) pamoja na Shirika la Umeme la Saudia, imetangaza kuweka chaja za kasi 5,000 katika vituo 1,000 ifikapo 2030. Kiwanda cha Lucid kilifunguliwa Septemba 2023 katika Mji wa Kiuchumi wa Mfalme Abdullah, kaskazini ya Jeddah. Riyadh yenyewe ilijiwekea lengo kwamba asilimia 30 ya magari yake yawe ya umeme ifikapo 2030. Fedha zipo na nia ipo. Lakini tazameni mpangilio: kiwanda kwanza, duka pili, chaja za njiani tatu. Na katika pengo hilo atakayejaribiwa ni msafiri.

Tuje kwenye mwendo. Tangu 2018 baadhi ya barabara kuu za Saudia, pamoja na ya Riyadh na Taif, zinaruhusu kilomita 140 kwa saa kwa magari madogo. Upepo haujui sheria za barabara. Ukitoka 100 ukafika 140, nguvu ya upepo inayolizuia gari inakuwa karibu mara mbili. Kwenye petroli utaona tangi linashuka, utaingia sheli inayofuata, basi. Kwenye umeme utaona kilomita ulizoahidiwa zinayeyuka mbele ya macho yako, na sheli yako iko mbali. Anayetaka kufika na gari la umeme lazima akubali kwenda 100 au 110 na apitwe na kila mtu.

Na joto. Riyadh katika kaskazi yake kali hufika nyuzi 45 na zaidi. Betri hizi zinapenda hali anayoipenda binadamu, nyuzi ishirini na kitu. Joto likizidi, gari linatumia umeme wake wenyewe kuipoza betri, na chaja inapunguza kasi ili isiiunguze. Si nadharia hiyo. Mwaka 2012 wenye magari ya Nissan Leaf huko Arizona, Marekani, jangwa kama la kwetu Riyadh, walilalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo mapema. Nissan ikalazimika kuweka dhamana ya uwezo wa betri. Leaf za wakati huo hazikuwa na mfumo wa kuipoza betri kwa maji, wakati magari mengi ya leo wanayo. Kumbukeni jina hilo la Leaf, nitalirejea tukifika nyumbani.

Petroli ikikwishia njiani, msamaria anaweza kukuletea galoni. Umeme hauji kwa galoni. Utangoja satha, lile gari la kubebea magari, na utangoja juani pamoja na watoto. Kwa mtu wa kipato chetu, gharama ya satha kutoka katikati ya jangwa ni mshahara unaokwenda.

Hebu sasa tutazame mfuko. Saudia iliweka kikomo cha bei ya petroli mwaka 2021, na petroli ya 91 ikasimama riyali 2.18 kwa lita, kama senti 58 za dola. Gari dogo linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linafika Makka kwa lita 70, yaani riyali 150 na kitu. Wakiwa wanne ndani, kila mmoja hata riyali 40 hatoi. Umeme wa nyumbani ni halala 18 kwa yuniti mpaka yuniti 6,000 za mwezi, na safari ile inakula yuniti kama 210, yaani riyali 38. Utasema: nafuu kubwa! Ndiyo, kama ungeweza kuubeba umeme wa nyumbani mpaka njiani. Huwezi. Unabeba ule uliojaza usiku tu, robo ya safari. Uliobaki unanunua kwenye chaja za kasi, na hizo si bei ya nyumbani. Na huo wa nyumbani wenyewe, mtu wetu wa Batha atauchomeka wapi? Tunakaa majumba ya zamani, watu sita chumba, ghorofa ya nne, gari limeegeshwa popote lilipopata nafasi. Soketi ya ukutani ya kawaida ingeijaza betri ile kwa zaidi ya siku nzima, na mwenye nyumba angekutoa kabla ya hapo.

Kwa hivyo kwa mfanyakazi wa Batha, leo, kwa safari ya Makka na Jeddah, jawabu langu ni la wazi: usiache mbachao kwa msala upitao. Gari lako la petroli au la haibridi lina njia. La umeme bado linatengenezewa.

Isidhaniwe lakini kwamba umeme wenyewe ndio tatizo. Chini ya Batha hapo hapo, tangu Desemba 2024, inapita Laini ya Buluu ya metro ya Riyadh, metro yenye kilomita 176 na stesheni 85, yote ya umeme, na tiketi ya saa mbili ni riyali 4. Upande wa magharibi, tangu 2018, treni ya Haramain inawabeba watu baina ya Makka, Jeddah na Madina, kilomita 450, kwa kasi inayofika 300 kwa saa. Hiyo ni safari ndefu, na ni ya umeme. Kwa nini imewezekana? Kwa sababu treni haikubebeshwa mzigo wa umeme wake. Aliyejenga reli ndiye aliyevuta waya juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyewaambia abiria: nunueni treni, waya mtaukuta mbele ya safari.

Na gari la umeme lenyewe lina fadhila ambazo petroli haina. Anayeijua njia anajua kwamba Taif iko juu sana, na kutoka Hada mpaka Makka unateremka zaidi ya mita 1,500 kwa makona. Gari la petroli hapo linaunguza breki. Gari la umeme linateremka huku injini yake ikizuia magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri. Machi 2023 basi la mahujaji wa Umra lilianguka mlima wa Shaar, Asir, watu wasiopungua 20 wakafa, na habari za mwanzo zilitaja breki. Katika milima hiyo, chombo kisichotegemea breki pekee si anasa. Ila na hapa pana sharti: betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuuweka umeme huo, kwa hivyo anayechaji Taif asijaze mpaka juu. Mambo kama haya dereva anatakiwa afundishwe, na muuzaji hayasemi.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu wengi tunaosoma haya nia yetu si kuzeekea Batha. Hapa kuna ajabu moja. Saudia, yenye petroli ya senti 58, haina haja kubwa ya gari la umeme barabarani. Inalitaka ili mafuta yake iyauze badala ya kuyachoma. Mwenye haja ni sisi, tunaonunua kila tone kwa dola. Agosti 2022 petroli ya Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na serikali ikawa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Wakati huo huo bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine zake zote tisa zilikamilika 2025. Kenya sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa magari, nafuu zaidi usiku. Mafuta tunaagiza, umeme tunao. Basi nani alistahiki kuharakisha kuliko mwengine?

Lakini kuharakisha nini? Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwanzoni mwa 2024. Ni uamuzi wa kijasiri, na Addis Ababa unaonekana. Lakini mwenye gari la umeme Addis akitaka kwenda kwa wazee mkoani, anakutana na suala lile lile la njia ya Makka. Kwetu tungeiga amri hiyo bila ya kuweka chaja, tungekuwa tumewafungia watu mjini. Nairobi na Mombasa ni kama kilomita 480, na kutoka baharini mpaka Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600. Kupanda huko peke yake kunakula yuniti kama 9 au 10 za gari la tani mbili. Anayekwenda atachaji zaidi kuliko anayerudi. Dar na Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Hizo ndizo safari zetu ndefu.

Na umeme ukikatika? Kenya nzima iliingia kiza Agosti 2023, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wazanzibari hawahitaji kuhadithiwa: waya wa chini ya bahari uliharibika Desemba 2009 na Unguja ikakaa bila ya umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, lakini somo halifai kusahauliwa. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85. Hakuna kisiwa kinacholifaa zaidi gari la umeme kwa masafa. Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi na kurudi, gari la leo halitokwi na jasho. Kinachokosekana ni uhakika wa umeme, na hicho hakiuzwi pamoja na gari.

Nilisema nitarejea kwenye Leaf. Ndugu zetu wanapotaka kutuma gari nyumbani, wanaona kwenye mitandao ya Japani Leaf ya zamani kwa bei ya kuvutia, usukani kulia, safi. Tahadhari. Leaf ya mwanzo, ya 2011, ilipokuwa mpya Marekani ilipimwa kilomita 117 tu. Baada ya miaka kumi na zaidi imebaki na ngapi? Kwa kwenda sokoni na kurudi, sawa. Kwa Dar na Morogoro, kama kilomita 190, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Na jambo la pili ni plagi. Magari ya Japani yana plagi ya kasi ya CHAdeMO, ya China yana GB/T, na Ulaya na Ghuba wanatumia zaidi CCS2. Unaweza kufika kwenye chaja nzima, yenye umeme, ukakuta mdomo wake haukubaliani na gari lako. Ni kama kufika sheli ukaambiwa bomba letu haliingii kwenye tangi lako.

Basi madai yetu kwa walio madarakani nyumbani yawe haya. Kwanza, kabla ya kushangiria misamaha ya kodi ya magari ya umeme, wekeni chaja za kasi kwenye njia kuu, kila kilomita 100 zisipungue: Mombasa mpaka Malaba, Dar mpaka Mwanza, Dar mpaka Arusha. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yalikuwa ya umeme, haikufika hapo kwa hotuba. Serikali ilitoa fedha ili barabara kuu ziwe na chaja za kasi kila kilomita 50. Pili, kubalianeni plagi moja. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizoweza kukubaliana pasi moja ya kusafiria haziwezi kushindwa na plagi. Tatu, kila kituo kiwe na umeme wa akiba, wa jua au wa betri, na bei iandikwe nje kama inavyoandikwa ya petroli. Nne, anzeni na mabasi, kwa sababu abiria wa kawaida hanunui gari, ananunua siti. Tanzania imeshaonyesha inaweza: tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar mpaka Dodoma, na wanaopanda ni watu wa kawaida.

Na kwetu sisi tulioko nje, ambao fedha zetu ndizo zinazonunua mengi ya magari hayo: kabla ya kutuma, uliza betri ina uwezo gani uliobaki, ina plagi gani, inapozwa vipi, na mwenye kulipokea atachaji wapi siku umeme utakapokatika. Kuuliza si ujinga. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo manne, gari lake liacheni bandarini kwake. Na kiongozi asiyeweza kutuonyesha kwenye ramani chaja ya kwanza, ya pili na ya tatu baina ya Dar na Mwanza, asitwambie habari ya magari ya umeme. Atuonyeshe njia, magari tutayanunua wenyewe.